Zoezi la Hotelini

Mavi ya kipindi cha baridi hayazami. Yanaganda pale pale yanapoangukia, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanasimama shimoni kama kichuguu. Siku kichuguu hicho kinapofika kwenye mbao za kukanyagia, lazima mtu wa nyumba achukue mtaimbo akakivunje. Kwa kina Narmandakh mtu huyo alikuwa Narmandakh mwenyewe, kwa sababu mumewe Sodnom alikuwa ameumia mgongo akipakua makaa ya mawe, na tangu hapo hainui kitu kizito kuliko birika.

Alijifunga skafu puani, akakaza macho, akapiga. Kichuguu kilikuwa kigumu kama jiwe. Alipiga tena, na vipande vikaruka kila upande, vya kahawia na vya manjano, vingine na karatasi ndani yake. Kimoja kilimgonga kidevuni. Hakikunuka. Hiyo ndiyo hila ya baridi: huko nje inaificha harufu yote, halafu wewe mwenyewe unaibeba na kuingia nayo ndani. Aliporudi kwenye ger, hema lao la duara, na kusimama karibu na jiko, chembe zilizonasa kwenye manyoya ya kola yake zikaanza kuyeyuka, na hewa ya hema zima ikageuka.

"Koti nje," alisema Sodnom.

"Nikiliacha nje likagandamana, nitavaa nini kwenda kuchota maji?"

"Basi simama mbali na nyama."

Mama mkwe wake, bibi Dulmaa, alikuwa ameketi kitandani na bakuli la chai mapajani. Chai ilikuwa imeshafanya utando juu.

"Mama, chai imepoa," Narmandakh alimwambia.

"Nimeiona."

"Daktari alisema unywe."

"Daktari ana choo ndani ya nyumba."

Tangu alipoteleza mlangoni mwa choo, kwenye mikojo iliyoganda, akalala pale chini mpaka mbwa wa jirani alipobweka sana watu wakatoka, bibi Dulmaa alikuwa ameacha kunywa. Alilowesha midomo asubuhi, basi. Ndoo aliikataa. Hakuweza kufanya haja mbele ya moto wa nyumba na mbele ya mwanawe mtu mzima. Daktari wa zahanati alimvuta ngozi ya mkono, akaona haitaki kurudi, akasema figo zinakauka; akiendelea hivi hatayaona majira ya joto.

"Nikinywa, nitatoka," bibi aliwahi kusema. "Nikitoka, nitaanguka. Sasa niambieni lipi lina heshima, kufia kitandani au kufa shavu likiwa kwenye barafu ya mikojo."

Kulikuwa na tumaini moja. Wilaya ilikuwa imepata fedha za kujenga vyoo vidogo vilivyoshikamana na nyumba, vya joto, vyenye matangi yaliyozibwa, na gari la kunyonya uchafu lingepita kuyamwaga. Fedha hazikutosha mitaa yote ya kilimani. Lakini kabla ya kuchagua mitaa, wilaya iliwaita wajumbe kwenye mafunzo hotelini, mjini, wafundishwe namna ya kusimamia na kugharimia usafi. Narmandakh alikuwa mjumbe wa Mtaa wa Juu.

"Huko ndiko pa kusemea," Sodnom alimwambia. "Na Choidog atakuwepo. Hawezi kumsahau mama."

Choidog alikuwa ofisa mipango wa wilaya, mtoto wa marehemu mdogo wake bibi Dulmaa. Miaka yake yote ya shule alikula nyumbani kwa mama huyu mkubwa.

"Nitasema," alisema Narmandakh, akalipangusa koti lake kwa theluji.


Hotelini sakafu ya choo ilikuwa na joto. Narmandakh alisimama humo muda mrefu kuliko haja yake, akiwa amevua kiatu kimoja, unyayo juu ya vigae, akitazama maji safi yakizunguka na kushuka. Yalinukia ndimu. Alijisikia kuchefuka, na hakuelewa kwa nini kitu kisafi namna ile kimchefue.

Ukumbini mkufunzi aliyeitwa Solongo, mwanamke kijana mwenye sauti nzuri, alionyesha picha ukutani: mirija, mishale, miduara. Alisema "mnyororo wa huduma" na "uendelevu wa kifedha" na "makundi yaliyo pembezoni". Hakuna aliyesema mavi. Wajumbe waliandika. Mezani palikuwa na keki zenye malai, na kila baada ya muda mhudumu alipita kumimina chai, na Narmandakh aliinywa yote, kwani hapo mtu angeweza kunywa bila kuwaza.

Alasiri ilifika zamu ya zoezi. Ramani kubwa ya kata ilibandikwa ukutani, mitaa yao yote na majina yake. Solongo alieleza: jifanyeni baraza. Mna fedha za mitaa sita tu kati ya kumi. Amueni, na mtoe sababu. Kila mmoja akachota karatasi ya nafasi yake. Mmoja akawa daktari, mmoja mwenye gari la kunyonya, mmoja mama wa nyumbani, watu wakacheka kwa sababu alikuwa mwanamume mwenye masharubu. Narmandakh akachota ofisa wa fedha.

"Haya, mheshimiwa wa fedha," alisema yule mwenye masharubu. "Bila shaka utajipa wa kwanza."

Watu walicheka tena. Narmandakh akahisi uso unapata moto. Aliwafahamu wajumbe wote hawa. Kila mmoja alikuwa amesimama kuutetea mtaa wake kama anayegombea kiti. Akasimama mbele ya ramani, akaona kwamba akitaka anaweza kuwa tofauti.

"Ofisa wa fedha haangalii anapolala," alisema. "Mtaa wa Juu una mwinuko. Wakati wa barafu gari halipandi. Chini ni mwamba, kuchimba tangi moja huko ni sawa na matatu huku chini. Na wakazi wake, nawajua, ni watu wa vibarua, ada ya mwezi hawataimudu. Kila tugriki utakayoipandisha kule, umeinyima familia tatu za bondeni. Mimi nauondoa."

Mtu akapiga makofi, na wote wakafuata. Choidog, aliyekuwa meza ya mbele, aligeuka kumtazama kwa fahari ya ndugu. Solongo akasema, "Mmeona? Huyu ndiye kiongozi asiyejipendelea." Jioni walimwita jukwaani, wakampiga picha, wakampa chupa ya chai ya chuma iliyochapwa jina la mafunzo ubavuni.

Alirudi nyumbani na chupa kwapani. Sodnom aliuliza kama alisema.

"Nilisema," alijibu, na siku ile hakuona kuwa anadanganya. Hotuba ya kweli alikuwa ameiweka kiporo kwa ajili ya kikao cha kweli.


Kikao cha kweli hakikuitishwa. Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, ulipokaribia, watu wakisaga nyama na kushona majoho mapya, Narmandakh aliteremka ofisi ya kata kuuliza tarehe. Mkuu wa kata, Pagmaa, alikuwa akila mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kiganja.

"Kikao gani tena, Narmaa? Mpango umekwenda wilayani, umetoka wilayani, uko jijini."

"Mitaa imechaguliwa lini?"

"Si nyie wenyewe mliichagua hotelini?"

Narmandakh alicheka. Pagmaa hakucheka.

"Lile lilikuwa zoezi, dada. Tulikuwa tunajifanya."

"Mlijifanya, lakini mlitoa sababu, na sababu zenu zilikuwa nzuri. Choidog alisema kuita kikao kingine ni gharama, wajumbe walishakaa pamoja, walishaamua, picha zipo. Wafadhili wanataka uamuzi shirikishi. Ule si shirikishi?" Alitema ganda. "Isitoshe, wewe mwenyewe ndiye uliyeuondoa mtaa wako. Nani atakuja kuurudisha baada ya maneno yale? Mwinuko umeshuka?"

"Nyumbani kuna mgonjwa."

"Kila nyumba ina mgonjwa. Ungelisema siku ile."

Njiani akipanda, Narmandakh alipita pembeni mwa uzio wa kila jirani, na kwenye kona ya kila uzio kilisimama kibanda cha mbao. Ndani ya kila kimoja kichuguu kilikuwa kinakua. Alifikiria majira ya kuchipua, vitakapoyeyuka vyote kwa pamoja na kutiririka kwenye njia hii anayoikanyaga, watoto wakirukaruka juu ya mifereji myeusi kwenda shule kama kila mwaka. Akatema mate. Ladha ya keki ya hoteli ilikuwa imemrudia mdomoni.

Nyumbani bibi Dulmaa alikuwa akifunga buuz za nyama kwa ajili ya sikukuu, vidole vyake vikikunja unga bila yeye kuutazama. Narmandakh aliketi mbele yake, akachukua unga, akaanza kukunja, na huku akikunja akaeleza yote, hadi makofi. Sodnom, aliyekuwa amelala kwa ajili ya mgongo wake, aligeukia upande wa ukuta.

"Ulisema vizuri?" bibi aliuliza hatimaye.

"Nilisema vizuri, mama."

"Sisi huku kilimani hatujawahi kuwa na mtu wa kusema vizuri." Alibana buuz moja ikafungika. "Basi siku moja tukampata."

Ingekuwa afadhali amtukane. Narmandakh aliinama juu ya unga.

"Choidog atakuja kuniamkia siku ya kwanza," bibi aliendelea.

"Nitamwambia."

"Hutamwambia. Mwezi Mweupe watu hawataji ugomvi wala uchafu mbele ya meza. Utaleta mkosi wa mwaka mzima kwa ajili ya choo?" Akaisogeza trei. "Wewe pika chai. Pika nyingi."


Choidog alifika adhuhuri. Gari lake kubwa lilikuwa limepanda hadi katikati ya mlima na kushindwa, sehemu iliyobaki akaimaliza kwa miguu, akihema, katika joho la hariri la rangi ya zabibu. Bibi Dulmaa alimpokea ameketi. Choidog alimkunjulia skafu ya bluu ya heshima juu ya mikono, akaipitisha mikono yake chini ya mikono ya mzee na kumshika viwiko, kama mdogo anavyomshika mkubwa, akainama. Bibi akamnusa mashavu.

"Umenenepa, mwanangu."

"Ni kazi ya kukaa, Mama Mkubwa."

"Kaa basi ufanye kazi yako."

Walibadilishana chupa za ugoro, wakaulizana kama mwaka umeingia salama. Narmandakh aliweka buuz mbele yake, mafuta yakichuruzika, na bakuli la chai ya maziwa na chumvi. Alikunywa. Bibi akamwonyesha Narmandakh kwa jicho, naye akajaza. Alikunywa tena. Mgeni hakatai bakuli la mkubwa siku ya Mwezi Mweupe, na Choidog alikuwa mtu wa adabu. Huo ndio ukweli wake, alikuwa na adabu kila mahali.

"Lile la Narmaa hotelini," alimwambia Sodnom kwa furaha, "ndugu yangu, ungekuwepo. Mpaka jiji wamelisifu."

"Nimesikia," alisema Sodnom.

"Mjazie mwanangu," alisema bibi Dulmaa.

Chai ya birika ilipokwisha, bibi aliomba ile chupa ya chuma. Narmandakh aliileta. Choidog aliposoma maandishi ubavuni alitabasamu, na chai ikamiminwa kutoka kwenye maandishi hayo hadi bakulini mwake. Alipolimaliza, alibadilisha miguu. Akalivuta joho. Akaacha kuzungumza katikati ya sentensi, kisha akasimama.

"Ngoja nikawaangalie farasi," alisema, kama mwanamume mstaarabu anavyosema, ingawa pale kilimani hapakuwa na farasi hata mmoja.

"Msindikize kaka yako," bibi alimwambia Narmandakh. "Njia inateleza."

Wageni walikuwa wamepanda na kushuka tangu alfajiri, kwa maana bibi Dulmaa ndiye aliyekuwa mkubwa wa mlima mzima, na wote walikuwa wamekula mafuta na kunywa chai. Choidog aliufungua mlango wa kibanda, akatazama, akabaki ameushika mlango. Kichuguu kilikuwa kimepita mbao. Kilisimama kati ya nafasi za miguu, juu kwa kiwango cha goti, na cha juu kabisa kilikuwa kipya, chenye mvuke.

"Hakuna kingine?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, kaka."

"Kwa jirani?"

"Kwa jirani ni kama hiki, ila hakina mlango."

Aliutazama mteremko, akapima umbali wa gari, akaona hatalifikia. Narmandakh akauchukua mtaimbo ulioegemezwa kwenye uzio, akamnyooshea. Hakuwa amepanga. Angeweza kupiga yeye, alipiga kila siku.

"Unaanzia pembeni," alisema. "Ukipiga katikati vinakurukia."

Choidog alipandisha mikono ya joho. Alipiga katikati, kwa nguvu ya mtu mwenye haraka, na Narmandakh, aliyekuwa amegeuka kumpa heshima yake, alisikia mpasuko, kisha kimya, kisha mtu akitema, akitema tena, akikwangua ulimi kwa meno. Alisikia pia akitapika. Buuz za mama mkubwa zilianguka kwenye barafu, na nyama ile nzuri ikaanza kutoa mvuke.

Alipomaliza haja yake na kutoka, alikuwa mweupe. Narmandakh alikuwa ameshaingia kuijaza maji ya moto ile chupa, akammiminia mikononi. Walitazama maji yakitiririka na kuganda miguuni mwao.

"Mpaka lini mko hivi?" aliuliza.

"Ulikulia hapa, kaka."

"Nilikuwa nimesahau." Alijipangusa midomo kwa theluji, tena na tena. "Mpango umeshakwenda, Narmaa. Una sahihi. Na hoja ni zako. Nikiurudisha wataniuliza, kwani mlikuwa mnacheza?"

"Tulikuwa tunacheza. Ulikuwepo. Ulicheka na wewe."

Choidog alitangulia kurudi ndani.


Ndani, bibi Dulmaa alimtazama mgeni akiketi, akaitazama hariri yake, kwenye kifua ambako doa dogo la kahawia lilikuwa linaanza kuyeyuka karibu na kifungo. Kila mtu alilinusa. Kwa sababu ilikuwa Mwezi Mweupe, hakuna aliyesema.

"Nimimine?" Narmandakh aliuliza.

"Mwanangu ametosheka," alisema bibi. "Nimiminie mimi."

Sodnom aliinua kichwa. Narmandakh, aliyekuwa amepika chai nyingine, alibaki na birika mkononi.

"Mama, wewe..."

"Jaza."

Alijaza. Bibi Dulmaa alilishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika, koo lake jembamba likipanda na kushuka, mpaka akaligeuza kuonyesha kuwa ni tupu. Akataka la pili. Likamwagika kidogo kidevuni, akalilamba. Choidog aliangalia mikono yake. Alikuwa hajauliza kwa nini midomo ya mama mkubwa imepasuka, na sasa kila mtu ndani ya ger alijua kwamba ameshaelewa.

Walikaa. Chai haikuchukua muda katika mwili uliokauka hivyo. Au labda bibi hakutaka kungoja.

"Choidog," alisema. "Nipeleke nikawaangalie farasi."

"Mama Mkubwa, mimi? Si Narmaa..."

"Narmaa atatangulia na mtaimbo. Wewe utanishika."

Narmandakh alitangulia. Alivunja kilichobaki, akaanzia pembeni, akamwaga majivu kwenye barafu ya mlangoni. Nyuma yake walikuja polepole, mzee akirudi kinyumenyume hatua za mwisho, na ofisa mbele yake, mikono chini ya mikono, amemshika viwiko vilevile alivyomshika alipoingia kumwamkia. Bibi akaziweka nyayo zake kwenye mbao. Joho lake refu likamfunika. Akajishusha, mifupa ikilia, na uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, ukaning'inia kwenye mikono ya Choidog.

Mvuke ulipanda kutoka chini na harufu yake yote. Choidog alikunja uso, akaupeleka pembeni, kwenye uzio, kwenye anga, popote.

"Narmaa," alisema kwa pumzi ya kubana, "Jumatatu. Nitawaita tena wajumbe. Hapa hapa, siyo hotelini. Nitasema tulikosea."

Mbao zililia. Narmandakh aliona vidole vya Choidog vikilegea kidogo kwenye mikono ya mzee, bila yeye mwenyewe kujua.

"Hayo baadaye," alisema bibi Dulmaa. "Sasa usigeuze uso, mwanangu. Ukigeuza uso utaniachia."